Namna ya Kutazama Filamu ya Katuni Pamoja na Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi wa Kigoma

Filamu ya katuni ya familia huchukua kwa kawaida kati ya dakika 80 na 110, na katika muda huo mtoto hupitishwa katika hadithi moja iliyo kamili, yenye mwanzo, yenye tatizo linalozidi kukua na yenye mwisho unaolipatia tatizo hilo ufumbuzi. Jambo hili ni tofauti kabisa na vipindi vifupi vya katuni ambavyo mtoto anaweza kuvitazama mwenyewe wakati mama anachambua dagaa uani na baba anazungumza na wageni barazani. Mwongozo huu unahusu filamu ndefu, na msimamo wangu ni kwamba mtoto asiachiwe filamu ya namna hiyo peke yake, na kwamba mzazi anayeketi naye aketi kwa hamu ya kweli ya kujua yatakayotokea. Mtoto mdogo hutazama vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani picha iliyo kwenye runinga na uso wa mtu mzima aliye karibu naye. Uso huo ukicheka, hujua kwamba hapo pana kicheko. Ukibaki mtulivu wakati ngurumo na giza vimetawala, naye hupata ujasiri wa kuendelea. Mzazi ambaye macho yake yapo kwenye simu humwachia mtoto kazi ya kuielewa filamu nzima bila msaada, na yeye mwenyewe hukosa burudani iliyotengenezwa kwa ajili yake pia, kwa kuwa watunzi wa filamu hizi wanajua vyema kwamba anayelipia ni mtu mzima.

Kuchagua filamu

Jambo la kwanza la kuepuka ni kudhani kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto. Zipo katuni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, zenye damu, matusi na mambo ya chumbani, na muuzaji anayejaza filamu kwenye flashi anaweza kuziweka zote pamoja chini ya jina la katuni bila kuwa na nia mbaya yoyote. Kwa hiyo tafuta alama ya umri. Filamu za Marekani huwekewa herufi: G inaruhusu watu wa umri wote, PG inawataka wazazi wawaongoze watoto wao, na PG-13 inaonya kwamba sehemu fulani huenda zisimfae mtoto aliye chini ya miaka 13. Zilizokaguliwa Uingereza huwa na U kwa watu wote, kisha PG, kisha namba ya umri wenyewe, kama 12 au 15. Hapa nchini kazi ya kukagua filamu na kuzipanga katika madaraja ni ya Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, lakini nakala nyingi zinazotufikia mikononi hazina alama yoyote, na hapo mzazi hana budi kuwa mkaguzi yeye mwenyewe.

Njia bora ya ukaguzi ni kuitazama filamu yote usiku watoto wakiwa wamelala. Asiye na nafasi hiyo atazame angalau dakika 15 za mwanzo, kisha aruke hadi sehemu inayokaribia robo ya mwisho, yaani kama dakika ya 60 hadi ya 75 katika filamu ya saa moja na nusu. Sehemu hizo mbili zina sababu yake. Watunzi wengi wa filamu za familia huweka msiba mwanzoni, kwa kumfisha mama au baba wa mhusika mkuu au kwa kumpoteza mtoto mbali na kwao, ili apate sababu ya kufunga safari. Na robo ya mwisho inapokaribia humfikisha mahali ambapo amepoteza kila kitu, rafiki zake wamemwacha na adui anaelekea kushinda. Hapo ndipo watoto hulia. Katika nyumba zetu wapo watoto wanaolelewa na bibi, na shangazi au na mama mdogo kwa sababu wazazi wao wametangulia mbele ya haki, na mtoto ambaye kaburi la baba yake halijaota nyasi hapaswi kukutanishwa na kifo cha baba kwenye runinga bila kutarajia. Iahirishe filamu hiyo. Kwa mtoto asiye na jeraha bichi, sioni sababu ya kukwepa filamu yenye msiba, maana hadithi za bibi zetu nazo zilikuwa na vifo, mazimwi na watoto waliopotea msituni, nasi tulizisikiliza hadi mwisho kwa sababu msimulizi alikuwa karibu yetu.

Kuhusu umri, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likishauri kwamba watoto ambao hawajafikisha miaka miwili wasiwekwe mbele ya runinga wala simu, na wale wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hesabu hiyo mtoto wa miaka mitatu au minne atagawiwa filamu kwa siku mbili. Usikate katikati ya hatari. Kata mahali ambapo mhusika amepata pa kulala au amekutana na rafiki, ili mtoto naye aende kulala akijua kwamba mwenzake yuko salama. Kuanzia miaka mitano au sita wengi humudu kuimaliza filamu kwa mkao mmoja, mradi pawe na mapumziko mafupi katikati.

Kwa mtoto ambaye hajazoea hadithi ndefu, ni vyema kuanza na katuni zinazozungumza Kiswahili. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likirusha katuni za kuelimisha kwa Kiswahili tangu mwaka 2014, na mtoto aliyezizoea huwa amekwisha kujua namna ya kufuata mazungumzo ya wahusika waliochorwa kabla hajakutana na filamu ya lugha ya kigeni. Kuhusu nakala, epuka ile iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema: picha yake ni ya giza, sauti yake imefifia, vivuli vya watu wanaoinuka hupita mbele ya wahusika, na waliochora hawapati chochote kutokana nayo. Kama king'amuzi chako kina chaneli ya watoto, au bando lako linatosha kupakua filamu kutoka kwenye huduma halali, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Vibanda umiza viachwe kwa mechi za mpira. Humo hakuna anayechagua kitakachofuata kwa kumfikiria mtoto wa miaka sita.

Kuandaa saa na sebule

Kigoma ipo ukingoni mwa magharibi ya nchi, na kwa kuwa nchi nzima hutumia majira mamoja, jua letu huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, karibu na saa 1 usiku. Sebule yenye dirisha linaloelekea ziwani hupigwa na jua la jioni moja kwa moja, na matukio ya usiku na ya mapangoni, ambayo ni mengi katika filamu hizi, hayaonekani kabisa kioo cha runinga kikiwa kimejaa mwanga. Igeuze runinga ili kioo chake kisitazamane na dirisha, au tundika kitenge kizito dirishani. Mimi hupendelea saa 9 alasiri ya Jumamosi au Jumapili, kwa sababu filamu huisha kabla ya saa 11, na watoto hupata muda wa kutoka nje na kuigiza waliyoyaona huku mwanga ukiwa bado mwingi. Filamu ya usiku si vibaya, ila iishe mapema kiasi kwamba mtoto apate angalau saa nzima ya mambo mengine kabla ya kulala.

Majira ya mvua, ambayo kwetu huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei, yana shida yake. Mvua kubwa ikipiga bati hakuna atakayesikia neno, na kuongeza sauti ya sabufa hadi inakwaruza ni kuwaumiza watoto masikio. Simamisha filamu, subirini ipite, na utumie nafasi hiyo kuwauliza watoto wanadhani nini kitafuata.

Flashi ijaribiwe jana yake. Runinga nyingine hazisomi kila aina ya faili, na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, kwa hiyo filamu yenye picha angavu sana inaweza kukataa kunakiliwa dakika ambayo watoto wamekwisha kukaa. Hakikisha pia kama faili lina sauti ya lugha zaidi ya moja, maana wakati mwingine Kiswahili kipo ndani yake na hakuna aliyekitafuta kwenye rimoti.

Chakula kiliwe kabla. Ugali kwa migebuka unahitaji macho ya mlaji, na mtoto anayetoa miiba gizani huku akimtazama simba anayekimbizwa yuko hatarini. Wakati wa filamu zinatosha ndizi mbivu, vipande laini vya muhogo wa kuchemsha au bisi, ila watoto walio chini ya miaka minne wasipewe bisi wala karanga nzima, kwa kuwa vitu hivyo huwapalia kwa urahisi, na zaidi wanaposhtuka au kucheka.

Watoto wa jirani watakuja. Katika mitaa ya Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji, sauti ya katuni ikisikika, haupiti muda mrefu kabla mlangoni hakujajaa malapa ya ukubwa mbalimbali na wenyewe kuingia wakiamkia mmoja baada ya mwingine. Wakaribishe, kwa sababu filamu ya kuchekesha huchekesha zaidi ikiwa na watazamaji wengi, lakini mpelekee habari mama yao: "Mama Neema, watoto wako hapa kwangu, tunatazama katuni hadi saa 11." Wadogo wakae mbele kwenye jamvi, wakubwa nyuma yao, na wewe ukae miongoni mwao badala ya kwenye kochi la pembeni. Kila mmoja aende chooni kabla ya kuanza.

Kusimulia bila kuifunika filamu

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Filamu nyingi za katuni zinazotufikia huzungumza Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza anayeanza kuunganisha silabi hawezi kuyawahi maandishi yanayopita chini ya picha, hata kama yangekuwa ya Kiswahili. Ni lazima awepo msimulizi. Nchi yetu ina desturi ndefu ya wasimulizi wa filamu, wale wanaozungumza juu ya picha kutoka mwanzo hadi mwisho na kuongeza vichekesho vyao, na wengi wetu tumekua tukiwasikiliza. Kwa mtoto, hata hivyo, usimulizi wa mfululizo humchosha, kwa sababu humfanya amsikilize mtu badala ya kuitazama hadithi.

Kabla ya kuanza, wape watoto utangulizi wa sentensi tatu au nne. Unaweza kuwaita kwa "Hadithi, hadithi!" nao wakaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na mara moja watakuwa wamejua kwamba kinachokuja ni hadithi, chenye mambo ambayo hayawezi kutokea katika dunia ya kweli. Watajie mhusika mkuu, anaishi wapi na anatamani nini, kisha unyamaze. Filamu ikiendelea, mtambulishe kila mhusika mpya kwa undugu wake: huyu ni baba yake mdogo, huyu ni bibi yake mzaa mama, huyu si ndugu yake bali ni rafiki wa kaka yake. Watoto wetu hushika hadithi upesi wanapojua nani anamhusu nani.

Mazungumzo yanapoanza, usijaribu kufasiri kila sentensi. Eleza mhusika anataka nini na nini kinamzuia, basi. Wahusika wawili wanaweza kubishana kwa dakika nzima, na mtoto akatosheka kabisa na maneno haya: "Binti anataka kwenda kumtafuta mama yake, lakini babu anaogopa atapotea." Sema hayo katika upenyo, yaani wakati mhusika anatembea, anapofungua mlango au picha inapohamia mahali pengine, wala usiseme juu ya sauti ya mwigizaji, kwa kuwa sauti hiyo hubeba hasira, woga na utani ambao mtoto huuelewa bila kujua lugha. Matukio yasiyo na maneno yaache kama yalivyo. Filamu nyingi nzuri za katuni zina dakika kadhaa ambazo hakuna anayezungumza, na mara nyingi hizo ndizo dakika ambazo mtoto ataziota. Nyimbo nazo ziache. Sentensi moja mwanzoni inatosha, kwamba hapa anaimba juu ya safari yake, halafu mwache mtoto apige makofi.

Kama lugha ya jioni nyumbani kwenu ni Kiha, simulia kwa Kiha. Na kama bibi yupo, mpe kiti kilicho karibu na watoto na umkabidhi sehemu ya kazi hiyo hata kama hajui Kiingereza. Wazee waliokua wakisimuliana hadithi za sungura na fisi huutambua ujanja wa mhusika mapema kuliko sisi, na bibi akisema "mtazameni huyo, ana tabasamu la mwizi," watoto humgundua mwovu kwa kuusoma uso wake, jambo ambalo ndilo hasa wachoraji walilolikusudia.

Maswali yatakuwa mengi. Swali la "kwa nini" lijibiwe kwa ufupi, na kama jibu lipo mbele katika filamu, sema tu, "Subiri kidogo, mama, watatuonyesha." Swali zito zaidi ni lile la "Baba, atakufa?" Watu wazima huthamini sana siri ya mwisho wa hadithi, na baadhi ya wazazi hukataa kujibu wakidhani watamharibia mtoto raha. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyejificha uso kwa woga haangalii filamu tena, na ukimnong'oneza kwamba mhusika atapona, atafunua macho na kutazama namna atakavyopona. Kama mhusika hatapona, usimdanganye. Mwambie kwamba sehemu inayokuja inahuzunisha, kisha mpakate. Usimcheke anayelia, na usiruhusu wakubwa wamcheke. Usiruke pia sehemu ya kutisha kimyakimya kwa rimoti, maana mtoto huona kwamba kuna kitu kimefichwa, na kile anachokibuni mwenyewe kichwani huweza kuwa kibaya kuliko kilichochorwa. Simamisha, washa taa, muulize kama mwendelee au mpumzike, na uheshimu jibu lake.

Umeme unaweza kukatika katikati ya filamu, na anayesimulia anapaswa kuwa tayari. Kumbuka filamu ilifika dakika ya ngapi, kisha waombe watoto wamalizie hadithi kwa zamu, kuanzia mdogo, ili asiige ya wakubwa. Umeme ukirudi watataka kujua nani alikaribia ukweli, na watatazama nusu iliyobaki kwa umakini ambao hawakuwa nao mwanzoni.

Burudani ya mzazi mwenyewe

Mzazi anayedhani kwamba katuni haina kitu kwa ajili yake hajaitazama kazi iliyomo. Filamu huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Kwa filamu ya dakika 90, hizo ni picha 129,600, na katika katuni hakuna hata moja iliyopatikana kwa kuwasha kamera na kumwacha mtu atembee. Kila mwendo umebuniwa na mtu, iwe kwa penseli au kwa kompyuta. Ukilijua hilo, utaanza kuona mambo. Tazama uzito: tembo anapokanyaga, je, unaamini kwamba ana uzito, au anaelea? Tazama macho ya mhusika kabla hajazungumza, kwa sababu mchoraji mzuri humfanya afikiri kwanza ndipo aseme. Tazama rangi zinavyopoa wakati wa huzuni na kupata joto anaporudi nyumbani.

Zaidi ya yote, tazama maji. Maji ni miongoni mwa vitu vigumu kuvichora vikiwa katika mwendo, na watoto waliokulia Kibirizi au Bangwe ni waamuzi wakali katika jambo hili, kwa kuwa wameyaona maji ya Ziwa Tanganyika yakiwa yametulia asubuhi na yakiwa yamechafuka wakati wa upepo wa kiangazi. Waulize kama mawimbi ya kwenye filamu ni ya kweli. Watakupa majibu ya kina, wakitaja povu, mtumbwi unavyoinuka upande mmoja, na rangi inavyobadilika penye kina. Filamu ikiingia chini ya maji na kuonyesha samaki wa manjano, wa bluu na wenye mistari, waambie kwamba samaki wa namna hiyo wapo kwenye ziwa letu, ambalo kina chake hufika karibu mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina, na kwamba lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote. Kuhe tunayemla ni mmoja wa jamii hiyo.

Vivyo hivyo kwa nyani na sokwe, ambao ni wahusika wapendwa wa katuni na mara nyingi huchorwa ovyo. Sokwe hana mkia. Mtoto wa Kigoma ana haki ya kujua hilo, kwa sababu kaskazini kidogo mwa mji wake ipo Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960 na kuwaona sokwe wakichokoa mchwa kichuguuni kwa vijiti walivyoviandaa wenyewe, na ambako pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Sokwe anayetumia kifaa katika katuni anaonekana kuwa kichekesho, hadi mtoto atakapojua kwamba wa kweli naye hutumia. Mazungumzo haya yafanyike wakati wa mapumziko au baada ya filamu, isipokuwa mtoto mwenyewe ameuliza.

Baada ya filamu

Acha majina ya mwisho yapite na muziki uishe. Watoto wengi huhitaji dakika hizo kabla ya kurudi sebuleni kwao. Usiwageuzie darasa kwa kuuliza wamejifunza nini. Swali hilo hupata jibu la kukariri, kwamba tuwe na adabu na tuwatii wazazi, hata kama filamu ilihusu jambo jingine kabisa. Uliza sehemu gani wangependa irudiwe, au nani wangependa awe jirani yao, kisha toa na wewe jibu lako kwa dhati. Mtoto akisikia kwamba baba alihuzunika mvuvi mzee alipoagwa, atajua kwamba huzuni yake yeye haikuwa ya kitoto.

Kisha mpe daftari na penseli, mtengeneze katuni yenu. Chukua daftari la zamani lenye kurasa safi angalau 24 za upande wa kulia, na mtumie kona ya chini tu, mahali ambapo kidole gumba hupita. Anzeni ukurasa wa nyuma kabisa kuja mbele, kwa sababu karatasi za daftari ni nyepesi na mchoro wa chini utaonekana kwa ufifi, hivyo mtoto ataweza kuufuatisha. Mchoro wa kwanza uwe rahisi: mstari wa maji na mtumbwi juu yake. Kwenye kila ukurasa unaofuata, usogezeni mtumbwi kidogo sana, kama milimita mbili, na kuupandisha au kuushusha kwa wimbi. Mkizidisha hatua, mtumbwi utaruka. Mkiipunguza mno, hautaonekana kwenda. Zikikamilika, shika daftari kwa mkono mmoja, ziachie kona kwa kidole gumba kutoka nyuma kwenda mbele, na mtumbwi utasafiri. Wachoraji wa katuni wa mkono mara nyingi huchora picha 12 kwa sekunde na kuionyesha kila moja mara mbili, kwa hiyo kurasa 24 ni sekunde mbili za filamu. Mtoto aliyetumia mchana mzima kupata sekunde mbili ataitazama filamu ijayo kwa macho tofauti, na mara nyingi ataomba daftari jingine ili aongeze mvuvi.

Mtoto akitaka kuirudia filamu ileile wiki inayofuata, mkubalie. Mara ya kwanza alikuwa akijiuliza mambo yatakuwaje. Safari hii anajua, na kwa hiyo ana nafasi ya kuona vitu vya pembeni, kusikia maneno aliyoyakosa na kuikabili sehemu iliyomtisha akiwa amejiandaa. Mara hii mwachie yeye usimulizi, hasa kama yupo mtoto wa jirani ambaye hakuwepo. Kaa nyuma yake, usimsahihishe anapokosea jina au kuchanganya matukio, na usimwahi anapotafuta neno. Akikwama kabisa atakugeukia, nawe umwambie sentensi moja tu, kisha umrudishie kazi yake.